Kilima Nilichokitoa kwa Mdomo Wangu

Kibiti, Jumamosi mchana. Asubuhi ilinyesha, sasa jua linachoma na matope ya kando ya barabara yameanza kukauka. Niko ndani ya gari mbele ya duka la vitambaa. Mwenye duka amekwenda kuswali Adhuhuri, ameacha kiti cha plastiki mlangoni kuonyesha kwamba atarudi. Namsubiri, na kwa kuwa sina wa kuzungumza naye, naandika hapa.

Nimechoka. Wala si uchovu wa safari ya kutoka Dodoma. Nimechoka na mimi mwenyewe.

Wanaosoma blogu hii wananijua: mbunge wa viti maalum, muhula wa pili, mtu wa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango. Sijawahi kuwa naibu wa chochote. Kazi yangu bungeni ni kuuliza. Nauliza swali la msingi, naongeza mawili ya nyongeza, naambiwa Serikali inatambua, naketi. Miaka saba nimeuliza habari ya barabara ya bondeni, ile inayotoka Mkongo kuingia vijiji vya kando ya Rufiji. Masika mto ukijaa barabara inakatika, na mjamzito anapakiwa kwenye mtumbwi na godoro lake. Nimezika wawili ambao nilikuwa nawajua kwa majina. Kwa hiyo nilipiga kelele, na sikujali wenzangu waliponiita Bibi Barabara.

Mwaka juzi, kwenye mjadala wa bajeti, Waziri alisema tatizo la bonde ni kifusi, kwamba kukisomba kutoka mbali ni gharama kubwa. Mimi huyo nikasimama. Sijui nilikunywa nini asubuhi ile. Nikasema: "Mheshimiwa Spika, kifusi tunacho. Kipo Kilima cha Mangwi, hapo hapo kando ya barabara, kimekaa bure, hakilimwi wala hakijengwi. Waje wachukue." Wenzangu wakapiga makofi. Nikaketi kichwa kimevimba, na baada ya wiki nilishasahau hata kama nilikitaja kilima.

Sisi ni watu wa mafuriko. Kwetu ardhi ya mwinuko inagombewa na ndugu mpaka wanapelekana barazani. Kilima kizima kikae karne bila mtu kupanda hata mhogo, ningepaswa kujiuliza. Sikujiuliza.

Mwezi uliopita vigingi vyenye rangi nyekundu vilichomekwa Mangwi, na mama akanipigia simu kutoka Mkongo. Mama hapendi simu. Akipiga husalimia, husema shida yake, hukata. Siku ile alizungumza mpaka salio likamwishia, nikampigia mimi.

"Zena," aliniambia, "pale kuna watu."

Watu wa vita vya Maji Maji. Wanaume wa Mkongo walikwenda Ngarambe kuchukua maji ya dawa, wakarudi wakang'oa pamba ya Mjerumani. Askari waliwakuta bondeni. Waliosalimika na risasi walinyongwa, ikatangazwa kwamba atakayewazika atawafuata. Wanawake wakasubiri siku ya mvua kubwa, askari wamejikunyata kambini, wakawachukua. Kuwazika bondeni kusingefaa, mto ungewafukua masika ya kwanza tu. Wakawapandisha Mangwi kwenye udongo mkavu. Hawakuweka jiwe wala mti. Wakaapishana wasitaje, maana familia iliyojulikana ilichomewa nyumba na ghala. Watoto wakaambiwa neno moja tu: kule usiokote kuni. Nao wakawaambia watoto wao hivyo hivyo, mpaka ikafika kwangu. Mimi nilidhani ni habari ya nyoka.

Babu yake mama yuko pale. Aliitwa Mbonde. Nina miaka hamsini na mbili, nina wajukuu, na jina hilo nimelisikia mwezi uliopita.

Nilimuuliza mama mbona hakuniambia siku zote hizo. Akasema, "Nilikatazwa, na mimi nikakukataza. Nani alijua ungekwenda kukisema mbele ya Serikali?"

Niliona haya hata yeye akiwa mbali, hanioni.

Nikapeleka swali haraka haraka. Naibu Waziri akajibu kwamba eneo hilo halimo kwenye orodha ya makaburi ya kihistoria, halina alama wala maandishi, na mkandarasi ameshaleta mitambo. Kwenye nyongeza nikauliza kama wako tayari kutafuta kifusi mahali pengine. Akasema Serikali itaendelea kuliangalia suala hilo. Jibu hilo nimepewa mara nyingi mno, najua maana yake.

Ikabaki njia moja. Kwa wasiofuatilia Bunge: bajeti ya wizara inapopitishwa fungu kwa fungu, Bunge likiwa limekaa kama kamati chini ya Mwenyekiti, mbunge asiyeridhika anaweza kushika shilingi moja ya mshahara wa Waziri. Ni shilingi ya maneno, hakuna anayekukabidhi kitu. Lakini ukishaishika, fungu haliendi mpaka Waziri akuridhishe au wabunge wapige kura. Kwa sisi wa viti vya nyuma hayo ndiyo meno pekee tuliyo nayo. Miaka saba sijawahi kuyatumia. Nilimwahidi mama kwamba safari hii nitaishika na sitaiachia mpaka kilima kipone. Mama akawaambia wazee, wazee wakaambiana, na Alhamisi nusu ya Mkongo walijazana kwenye mgahawa wenye televisheni.

Nilisimama na kishikwambi changu. Nikaeleza yote. Nikawataja wale wanawake na mvua yao. Nikamtaja Mbonde. Nikasema nashika shilingi. Mtani wangu, mbunge wa kusini, Mngoni, akawa wa kwanza kusimama kuniunga mkono, wakafuata wengine, safu baada ya safu, hata wale ambao huwa hawanisalimu kantini. Kwa dakika chache niliamini kabisa kwamba tumeshinda.

Kisha Waziri akasimama. Hakukasirika. Laiti angekasirika, ningepata pa kumshikia. Alifungua Taarifa Rasmi ya Bunge ya mwaka juzi, ile inayoandika kila tunalosema, akasoma maneno yangu taratibu, pamoja na lile la "kimekaa bure". Watu wakacheka. Akasema Serikali imefanya alichoomba Mheshimiwa mwenyewe. Akasema kifusi cha mbali kitakula nusu ya fedha za barabara. Akauliza, je, Mheshimiwa yuko tayari kina mama wa bondeni waendelee kujifungulia kwenye mitumbwi? Aseme tu ndiyo, na kazi itasimama leo hii.

Mnadhimu wa chama, anayetuchunga tusipige kura kinyume na Serikali, alikuwa ananitazama, lakini sitamsingizia Mnadhimu. Lilikuwa lile swali. Niliwaona wale wawili niliowazika. Nilijua nikisema ndiyo kuna mwanamke atakufa masika ijayo na nitamjua jina, nikisema hapana namtoa Mbonde kwenye udongo wake. Ningeweza kuomba muda. Ningeweza kuacha kura ipigwe nishindwe mbele ya watu, Mkongo wakaona nimeshindwa nikiwa nimesimama. Mtani alikuwa anatikisa kiganja chini ya meza, yaani tulia, usiseme kitu. Mimi nikasema ile sentensi ambayo ulimi wangu umeizoea:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nakushukuru, narudisha shilingi na naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja."

Hakuna aliyeniuliza asilimia. Niliziongeza mwenyewe.

Nimekuwa nikijitetea moyoni tangu Alhamisi. Kwamba barabara itaokoa walio hai. Kwamba kura tungeshindwa vyovyote vile. Labda ni kweli yote mawili. Lakini sikuirudisha ile shilingi kwa kupima hayo. Niliirudisha kwa sababu watu walinicheka na nilitaka kuketi. Hilo sijamwambia mtu, naliandika hapa kwanza.

Nje ya ukumbi mtani alikuwa ananisubiri. Huyu ni mtu ambaye hata kwenye msiba wa marehemu mume wangu alikuja akalala mlangoni, akagoma kuondoka mpaka apewe kuku, watu wakalia na kucheka pamoja. Nikajiandaa kutukanwa kama kawaida yetu. Alinitazama akasema, "Leo sina utani na wewe, dada," akaenda zake. Katika miaka yote ya kujuana hajawahi kuniita dada. Nililia chooni kama mtoto.

Sikumpigia mama siku hiyo. Ijumaa nikafunga safari, nikalala Morogoro, na bado sikumpigia. Niliogopa.

Leo asubuhi akapiga yeye. Nikaanza kueleza habari za Taarifa Rasmi na kifusi cha mbali, akanikatiza.

"Hayo tuliyaona, mwanangu. Sasa sikiliza. Jumatatu mashine inaanza. Sheikh amesema kwa dharura kama hii inajuzu kuwahamisha. Kesho tukishaswali alfajiri tunapanda na majembe, sisi wenyewe. Wazee wametoa eneo nyuma ya msikiti. Hatuwezi kukiacha kijiko cha tingatinga kiwaokote."

Nikamuuliza mimi nifanye nini. Nilitamani aseme nirudi Dodoma nikapige kelele tena, nikatafute mwanasheria, nikawalilie waandishi wa habari. Ningekwenda.

"Wewe pitia Kibiti ulete sanda," alisema, akakata.

Hakunilaumu. Nimelirudia neno lake njia nzima kutafuta lawama ndani yake, sikuipata, na hilo ndilo linalonimaliza. Mwanamke huyu ana miaka themanini kasoro, kesho atapanda kilima na jembe kumfukua babu yake kwa sababu ya sentensi ya mwanawe, na amenipa kazi kama anayempa mtu wa nyumbani.

Mwenye duka huyo anakuja. Nashuka.

*

Nimerudi garini.

Alinitambua. Akanikaribisha, "Karibu Mheshimiwa, tulikuona Alhamisi," kisha akaona aibu kwa kulisema, akaanza kupanga vitenge ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Nikamwambia nataka bafta ya sanda. Uso ukambadilika. Akanipa pole nyingi, akashusha jora mezani, akachukua mkasi na futi yake.

"Marehemu ni mwanamume au mwanamke?"

Nikasema wanaume. Nadhani wanaume.

Akanitazama. "Ni wangapi, Mheshimiwa?"

Sikujua ni wangapi. Wale wanawake hawakuhesabu kwa sauti, na waliofuata hawakuthubutu kuuliza. Sikujua kama ni watu wazima wote au kulikuwa na vijana ambao hata ndevu hazijatoka. Nikamwambia asikate, anipe jora zima. Alilifunga kwa kamba, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina hakika litatosha. Nikamwambia aongeze la pili. Akaongeza na ubani, akakataa niulipie.

Majora yote mawili yapo hapa nyuma ya kiti changu, na gari zima linanukia duka. Saa moja na nusu kufika Mkongo, kama njia haijaharibika kwa mvua ya asubuhi. Nitalala kwa mama, nitavaa kanga, nitashika jembe. Sitachukua mwandishi wa habari wala mpiga picha. Barua ya kuwaomba radhi wazee nimejaribu kuiandika mara mbili kwenye simu, nimeifuta. Nitawaambia kwa mdomo, maana kwa mdomo ndivyo nilivyokosea.

Linalonitisha ni hao wenyewe. Wamelala bila alama, udongo umewachanganya. Hata nikimshika Mbonde mikononi kesho sitajua kwamba ndiye. Itabidi niwaombe radhi mmoja mmoja, kila nitakayemfunga sanda, kana kwamba kila mmoja wao ni babu yangu.