Mashmelo ya Miguu ya Ng'ombe

Kiden, dada yangu,

Ulikufa ukiwa na swali mdomoni, nami nimepata jibu lake. Mashmelo hushikwa na miguu ya ng'ombe. Cheka tu, nimekosa sana kicheko chako.

Kila uliporudi na pakiti ya peremende hizo laini kutoka Entebbe, uliminya moja kwa kidole, ukainusa, ukauliza, "Hii wanaweka nini ndani?" Mimi nilisema ni pamba yenye sukari. Mwanao Poni ulimkatia chache kwa ajili ya meno yake, halafu zilizobaki unamaliza mwenyewe.

Atlabara, mtaa wetu hapa Juba, imepungua watu. Homa ilikuchukua siku zile za risasi, hospitali haifikiki, na mwanao alikuwa kwa bibi yake, hakuona kaburi. Wakubwa wakamwambia umesafiri Entebbe. Basi kila ndege ikishuka, Poni anasimama mlangoni kukusubiri. Nilikasirika, Kiden, lakini hata mimi sikumwambia ukweli.

Juzi tulikufanyia karama, ile karamu ya marehemu. Tulichinja ng'ombe, watu wakala, wakakuombea. Poni walimbakiza kwa bibi. Miguu ya ng'ombe wakaniachia mimi mpishi, na jirani yangu aliyewahi kupika hotelini Kampala akaniambia ute wake ndio unaoshika mashmelo. Sikumwamini. Nikataka kuona mwenyewe.

Mara ya kwanza mkono ulinishinda. Mkono huo umezoea kawari, supu ya miguu, ukatia kitunguu na chumvi kabla akili haijafika. Mazoea yana taabu. Nilipata mashmelo yenye ladha ya supu, na mbwa wa jirani aliyafurahia.

Miguu iliyobaki nikaichemsha kwa maji na tangawizi tu, nikaengua mafuta, nikachuja. Ulipopoa, mchuzi uliganda ukatetemeka sufuriani. Nikauyeyusha na asali ya soko la Konyo Konyo na karkade kidogo, yale maua mekundu ya chai, kisha nikaupekecha kwa mufraka, kile kijiti chetu cha kukorogea mboga, mpaka viganja vikawaka moto. Ukaanza kuumuka, ukawa mwepesi, wa waridi. Hewa yote ile ilijifichaje mle? Bado sielewi, na hakuna wa kubishana naye. Nikakata vipande, nikavigaragaza kwenye unga wa muhogo uliokaangwa, nikampelekea Poni.

Alikula kimoja, akanitazama.

"Kaltu," aliniita, kama hapa wanavyomwita dada wa mama, "hii iko na nini ndani?"

Nikamwambia, asali, karkade, na miguu ya ng'ombe.

"Ng'ombe gani?"

Ningeweza kumtaja ng'ombe yeyote wa Juba. Nikasema, ng'ombe wa karama.

"Karama ya nani?"

Watoto wa hapa wanajua karama hufanyiwa watu gani. Bibi yake alinikonyeza ninyamaze. Nikamshika Poni mikono, ikiwa bado na unga, nikamwambia ni ya mama yake.

Hakupiga kelele. Aliniuliza umelazwa wapi, nikamwambia. Ndipo akalia, nami nikalia, na bibi naye. Tangu ufe, kila mmoja wetu alikuwa akilia kwa kujificha ili mtoto asijue. Siku ile tulikulilia pamoja.

Jumapili baada ya ibada nitamleta makaburini. Ana maswali mengi, tena mengine magumu. Nakuahidi sitamjibu hata moja kwa uongo.

Pumzika, dada. Mwanao anajua ulipo.

Keji