Kitufe Ambacho Sikukibonyeza

(Nanakili kutoka daftari langu la miaka ya themanini, nilipokuwa mpiga teleksi Shinyanga.)

Jumatano. Vumbi tangu asubuhi, mvua hata dalili hakuna.

Nimekaa kitandani na viatu miguuni, naandika ili nisilie.

Nieleze vizuri, maana najijua, nikija kuyasoma haya uzeeni nitajitetea. Ofisi yetu ya pamba hapa mjini ina teleksi, mashine ya kupeleka maandishi kwa waya, na kiwanda cha kuchambulia pamba kule Geita kina ya kwake. Herufi na namba hupita kwa ishara zilezile. Kuna kitufe cha kuiambia mashine kwamba sasa ni namba. Mashine ya Geita kila ikikuta nafasi kati ya maneno hurudi yenyewe kwenye herufi. Yangu hairudi. Basi nikiandika tarehe 14, kitufe nimekibonyeza kabla ya nafasi, kwangu inatoka safi, Geita inatoka QR.

Dawa yake ni kukibonyeza kile kitufe tena baada ya nafasi. Nilisoma kwenye kijitabu cha mashine msimu wa pamba ulipoanza.

Nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa ajili ya Maige, mpiga teleksi wa Geita. Sijawahi kumwona. Sheria ya kazi ni kwamba ujumbe wenye namba isiyosomeka hautolewi mpaka uthibitishwe, kwa hiyo kila alasiri ananiita kwenye waya, namwandikia namba zote kwa maneno, na tukimaliza tunabaki kidogo. Ananiuliza nimekula nini. Ananisimulia mvua za kwao. Mimi mtu wa Pangani, nimepanga chumba kimoja, majirani wanaongea Kisukuma uani nami natabasamu tu kama bubu. Ile robo saa ndiyo maongezi yangu ya kutwa. Ningelirekebisha lile kosa ili iweje?

Wiki iliyopita nilituma ujumbe wa Masanja, dereva wetu aliyekuwa Geita: mkewe atapasuliwa hospitali ya Kolandoto tarehe 14, aje upesi. Baada ya nafasi kitufe sikukibonyeza tena. Kabla Maige hajaniita, waya ukakatika. Uliporudi siku ya pili yake nikathibitisha, Masanja akadandia lori la kwanza. Alifika tarehe 15.

Leo amekuja ofisini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Mkewe anaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Masanja anasema mkewe aliwauliza wauguzi mara tatu kama mumewe amefika, kisha akaacha kuuliza, akaingizwa peke yake.

Halafu akanishukuru. "Ahsante binti. Waya ukikatika, mtu afanyeje?"

Nilijifanya natafuta karatasi.

Alasiri nimekibonyeza kitufe kila palipohitajika. Namba zote zimefika safi, hakuna cha kuthibitisha, na saa yetu ikapita bila Maige kuniita. Nikamwita mwenyewe. Nikamwandikia yote: kwamba dawa niliijua tangu mwanzo, na kwa nini niliificha, na habari ya mke wa Masanja. Nilikosea maneno.

Nikadhani amefunga waya. Kisha mashine ikaanza kuandika.

DADA, Q NA MOJA NI KITUFE KIMOJA. R NA NNE VILEVILE. TAREHE NILIISOMA SIKU ILEILE. NILINGOJA TU UTHIBITISHE.

Miezi yote hii kila mmoja alidhani ujanja ni wake peke yake. Kumbe tulikuwa wawili, na aliyelipia ni mama wa watu aliyelala kitandani akiulizia mumewe.

Kesho nitamfuata Masanja nyumbani kwake. Nitamwambia ya kwangu. Ya Maige ayaseme Maige mwenyewe. Akinifukuza ni haki yake.

Baada ya hapo, sijui nitakuwa naongea na nani.