Kibandiko cha USIGUSE

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila hiyo nitahisi unanitazama kwa lile jicho lako.

Siwezi kutulia. Nakuandikia nikiwa chumba cha mitambo pale redioni, na kila baada ya mistari miwili nainuka kutazama kama taa za mashine bado zinapepesa. Zinapepesa. Nakaa, nainuka tena.

Tangu tukuzike kule Nyakatuntu, radi imepiga hapa redioni. Iliua swichi yako, kile kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao, na Ma Leokadia, mkuu wetu, akanunua kingine cha kawaida pale Kayanga. Kikawaka, tukashangilia. Halafu nikaanza kuhamisha vipindi vyako kutoka sanduku la kumbukumbu, lile linalohifadhi rekodi zetu zote, kwenda kwenye diski mpya ya kompyuta ya studio. Salamu zako za sekunde chache zilikwenda. Kile kikohozi chako cha kabla ya taarifa ya bei za kahawa kikaenda. Lakini vipindi vyenyewe, wewe na wakulima wa Mabira na Kiruruma, kila kimoja kilianza vizuri kisha kikaganda.

Na diski ya sanduku imeanza kugonga, Baba. Wewe ndiye uliyenifundisha kuiogopa sauti hiyo, kwamba diski inakaribia kufa. Sauti yako ndefu haipo mahali pengine popote. Kila nikirudi nyumbani Mama ananiuliza mlangoni, "Baba yako ameshahama?" Naingia jikoni kumenya ndizi ambazo hakuna aliyenituma kumenya.

Nilibadilisha nyaya. Nilizima, nikawasha. Nililaumu swichi, nikamlaumu aliyeiuza. Kitu kimoja tu sikukifungua: mipangilio yako. Juu ya sanduku na juu ya kompyuta ulibandika plasta ukaandika USIGUSE, na baba mdogo alishasema kwamba vitu vya marehemu haviguswi kabla ya kuanua matanga. Alikuwa anazungumzia jembe lako na koti. Sisi tukaingiza na mashine. Hata Ma Leokadia, mtu wa kompyuta tangu zamani, aliniambia, "Mwanangu, acha kwanza vya baba yako vipoe." Diski inagonga, sisi tunangoja vipoe!

Jumamosi asubuhi nilimwona wa bodaboda amekwama kwenye kijia cha nyuma ya redio, mikungu ya ndizi aliyoipakia imezuiwa na miti ya uzio huku na huku. Nikakusikia wazi kabisa: "Usigombane na njia, punguza mzigo." Uliniambia hivyo kule Mabira, tukishusha mkungu na kuukata chane moja moja. Nikarudi mbio.

Nikatuma kwenye sanduku pakiti za majaribio, yaani vifurushi vya data, kubwa kubwa. Hazikurudi. Nikapunguza, nikapunguza tena, hadi moja ikarudi. Ndipo nikaelewa. Wewe uliziweka mashine zote mbili zitume pakiti kubwa kupita kawaida, kwa sababu swichi yako ilizipitisha. Hii mpya inazitupa kimyakimya, haisemi hata pole. Salamu zilipita kwa kuwa ni ndogo. Ulipenda vikubwa, Baba, hata kikombe chako cha chai kilikuwa bakuli.

Nilikasirika. Nilikukasirikia wewe, maiti, kwa plasta ile. Halafu nikalia, maana kilichokuwa kinazuia sauti yako isiokolewe ni mkono wako mwenyewe, na sikutaka kuufuta. Ni kitu cha mwisho ulichokipanga ambacho bado kilikuwa kama ulivyokiacha.

Nimekifuta. Nimeweka ukubwa wa kawaida pande zote mbili.

Vipindi vinapita. Nimekisikiliza kimoja kwenye diski mpya, unamcheka mzee wa Kiruruma aliyeipa migomba yake majina ya wakwe zake. Unacheka hadi unakosa pumzi. Nilikuwa nimesahau kwamba ulikuwa unacheka hivyo. Nimempigia Mama, nikaiweka simu karibu na spika, naye hakukata hadi kipindi kikaisha.

Basi lala, Baba. Nakuahidi sauti yako nitaihamisha kila mashine itakapochoka, na nitakayemfundisha kazi hii sitambandikia plasta. Nitamwonyesha nilichokipanga na sababu yake, ili nikiondoka asiogope.

Taa bado zinapepesa. Plasta yako nimeibandua. Nimeiweka mfukoni, na hiyo kweli hakuna atakayeigusa.

Mwanao,
Koleta