Bwambale wa Hamukungu

Mzee wangu Wafula,

Kiti chako bado kiko pale dirishani. Mtu akitaka kukikalia namkazia macho tu, anahama. Siku hizi mimi ndiye mkutubi mkuu wa maktaba ya chuo, Mzee. Mimi, Masika wa Bwera, niliyekuja kwako sijui hata kupanga rafu! Lakini kila nikikwama bado nageuza shingo kukutafuta.

Nina jambo ambalo sikuwahi kulitamka.

Unakumbuka tulipoletewa kompyuta? Nilikuwa nimetoka kusomea Kampala, kichwa kimenivimba. Kwenye tasnifu za wanafunzi, kando ya kila jina, wewe ulikuwa umeandika kwa penseli alikotoka mtu: Bwambale wa Kitswamba, Bwambale wa Rukoki. Mimi nikaona uchafu. Nikashika kifutio, wiki nzima nafuta. Mimi Mkonzo! Kwetu kila mvulana wa pili kuzaliwa ni Bwambale, kila binti wa kwanza ni Masika, na aliyekumbuka hilo ni wewe, mtoto wa mchimba shaba aliyetoka Kenya. Ulinitazama, ukanitania kwa Kiswahili changu cha mpakani: "Endelea tu, mutoto. Siku moja utaniuliza." Kisha ukazibeba kadi zako za zamani za orodha ya vitabu, zile nilizotaka zichomwe, ukaenda nazo nyumbani.

Sikukuuliza. Kiburi, Mzee. Halafu ukaugua, ukatuacha.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja kutoka Hamukungu, nguo zake zikinuka moshi wa samaki. Mwanawe Joshua alisoma hapa, naye amefariki. "Nataka kuona kitabu ya Bwambale yangu," akasema. "Nione tu, sichukui." Kompyuta ikanitolea Bwambale J. kibao, J. tu, wala hakuna cha Joshua wala John. Nikamuuliza mwanawe aliandika juu ya nini. Hajui, hakusoma. Nikamletea tasnifu tatu. Akazipapasa moja moja huku akinitazama usoni, nimwambie ni ipi. Jamani, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikamwomba anisubiri, nikapanda boda mpaka kwako Rukoki. Nikamwambia mkeo nimefuata kadi. Alivuta katoni kutoka uvunguni mwa kitanda, akaniwekea miguuni. Mwandiko wako, Mzee! Nililia nimekaa pale sakafuni, kadi zimenijaa mapajani, mpaka nikaiona, namba ya tasnifu ikiwa pembeni: *Bwambale J., Hamukungu. Mama yake anauza samaki. Hukaa karibu na mlango.*

Nilirudi maktabani, nikamkalisha mama yake hapo hapo karibu na mlango. Alishinda na ile tasnifu mapajani, kidole juu ya jina. Jioni akanirudishia kwa mikono miwili, akaniambia asante. Asante hiyo si yangu, ndiyo maana nakuandikia.

Nimekukosa, Mzee. Nakosa hata kikohozi chako nikiweka kitabu pasipo pake.

Katoni nimeileta, iko chini ya kiti chako. Nimechonga penseli. Nakuahidi kila jina litarudi kwao, na atakayekuja kujifunza kazi kwangu ataanzia kwenye kadi zako kabla hajagusa kompyuta. Pumzika sasa, mwalimu wangu.

Kadi ya mwisho kabisa katonini ilikuwa yangu. Umeandika: *Masika, Bwera. Anaringa kidogo. Atauliza.*

Nauliza leo, Mzee. Nauliza.

Masika wako