Hapa ni Kwenu

Elisabethville, 9 Juni 1957

Mama yangu mpenzi,

Salaam nyingi zikufikie, wewe na wote wa nyumbani. Mgongo unaendeleaje? Mimi nimefika salama. Treni ilitukalisha Kabalo mpaka tukachoka, lakini Profesa alininunulia chai, tukaongea njia nzima kama marafiki.

Mama, hujui umetusaidia kiasi gani. Pale ufukweni nilikueleza harakaharaka, sasa nikueleze vizuri. Huu ni utafiti wa chuo kikuu cha Ulaya, juu ya samaki wadogo wa ziwa letu, ndagala, na namna ya kuwakausha wasioze. Nusu ya gharama inatoa serikali, nusu inatoa kampuni ya samaki. Kwa hiyo si mambo ya kodi wala ya polisi. Ni elimu tu, na mwanao ndiye mkalimani wake.

Profesa bado anakusifu. Anakumbuka alivyouliza ufukwe ule ni wa nani, nawe ukasimama na ndagala mikononi, ukasema, "Muambie muzungu asiogope. Hapa ni kwenu." Nilimpa neno kwa neno kwa Kifaransa, akaandika palepale. Jina langu litachapishwa katika kitabu cha utafiti. Jina la marehemu baba, Mama, ndani ya kitabu cha chuo kikuu.

Nisalimie Mama Émérence na wote wanaoanika pamoja nawe.

Mwanao,
Maliki

Albertville, 17 Novemba 1957

Mwanangu Maliki,

Salaam. Mgongo ni mzima kuliko moyo. Umenyamaza tangu Juni, nami nimechoka kungoja. Naandika kwa herufi za Kiarabu alizonifundisha babu yako, ili wenzako wa kazi huko biro wasinisomee.

Ufukwe wetu umezungushiwa seng'enge. Tulikwenda asubuhi na vikapu vya ndagala, tukamkuta askari. Mama Émérence alimuuliza kama amelewa. Akatufukuza. Ndagala walioza siku ileile, tukawamwagia bata.

Nikaenda serikalini kwa Bwana administrata. Akafungua kitabu cha chuo kikuu, karani akanieleza kilichoandikwa: wanawake wenyewe wamesema ufukwe hauna mwenyewe, na wamewaachia wageni kwa hiari yao. Kampuni itajenga hapo nyumba ya kukaushia samaki na frigo ya barafu. Nikasema, "Miye sikusema vile." Karani akanijibu, "Mama, njo wewe ulisema. Jina lako liko hapa, na la mutoto wako mukalimani liko chini yake."

Maliki, ulikuwa umesimama karibu nami. Mahali ninapoanika palikuwa pa mama yangu, na kabla yake pa mama yake. Kila mmoja wetu anajua mchanga wake unaanzia wapi. Mgeni akija tunamwambia hapa ni kwenu, hata akiwa muuza chumvi, hata akiwa mtoza kodi. Muuza chumvi gani amewahi kuondoka na nyumba yetu?

Baraza la malalamiko litakaa mwezi wa pili. Njoo useme jambo moja tu, kwamba ile ilikuwa salamu.

Mama yako

Elisabethville, 20 Desemba 1957

Mama mpenzi,

Naomba barua hii ikukute na nguvu. Huku sisi ni wazima, ila mkweo Mado anatapika asubuhi hata sasa. Utakuwa bibi, inshallah.

Nimesoma barua yako nikahuzunika sana. Nilizungumza na Profesa, naye alisikitika kweli. Anasema kazi yake ni kuandika aliyoyasikia. Wanaoamua ni serikali na kampuni, kwa sababu wao ndio waliolipia utafiti. Kitabu kimeshatoka. Nikija kusema mkalimani alikosea, kitabu chote kinakuwa uongo, na kazi yangu imekwisha, na nyumba tunayolala ni ya kazi. Halafu, Mama, sikukosea. Ulisema hapa ni kwenu, nami nikatafsiri sawasawa.

Usikasirike. Kampuni itaajiri wanawake wa kukausha samaki. Nitaomba uwe msimamizi wao. Utapewa aproni nyeupe.

Mwanao,
Maliki

Albertville, 12 Januari 1958

Maliki,

Salaam, na umpe Mado pole na pongezi. Yeye hana kosa.

Aproni. Nilimsomea Mama Émérence neno hilo, akaniambia nilisome tena.

Unasema ulitafsiri sawasawa. Hata kasuku husema sawasawa. Wewe ulizaliwa nyumba hii. Nani aliwahi kukuambia wewe "hapa ni kwenu"? Hakuna, kwa kuwa mtoto wa nyumba haambiwi hivyo. Anaingia, anafunua chungu, anauliza mbona mboga ni kidogo. Maneno yale ni ya wageni tu, na ulijua. Profesa anaweza kusema hakujua. Wewe utasema nini?

Uliniandikia kwamba serikali inatoa nusu na kampuni inatoa nusu, nikafurahi kama mjinga. Sikuuliza sisi tunatoa nini. Sasa nimeona, sisi tumetoa ufukwe.

Nimekasirika, nakuambia wazi. Lakini baraza bado. Litakaa tarehe 18 Februari, na nimeshamwambia Bwana administrata kwamba mwanangu anakuja. Panda treni.

Mama yako

Elisabethville, 2 Aprili 1958

Mama mpenzi,

Mungu azipokee funga zako. Unisamehe ukimya wangu. Mwezi wa pili Profesa alikuwa na kazi nyingi na ruhusa haikupatikana. Kwa kweli sikuiomba. Niliogopa, Mama.

Mado amejifungua salama, mtoto wa kike. Tumempa jina lako.

Nimepata ruhusa ya Idi. Nitakuja na kitabu ulione jina la baba. Unitengenezee chumba changu, na uniwekee ndagala wako wa mchangani. Huku wanauza wasio na ladha.

Mwanao,
Maliki

Albertville, 10 Aprili 1958

Maliki,

Salaam kwako na kwa Mado. Nimemshukuru Mungu kwa mtoto. Jina langu mlitunze vizuri kuliko kitabu chenu kilivyolitunza.

Siku ya baraza niliomba kiti kimoja kiachwe kando yangu. Karani akauliza ni cha nani, nikasema ni cha mwanangu, yuko njiani kutoka stesheni. Bwana administrata akauliza kama yupo mtu aliyekuwa pale ufukweni, anayejua Kifaransa, atakayesema kitabu kimekosea. Watu wote wakatazama kile kiti. Basi, ufukwe umekwenda.

Sasa naanika kwenye majani nyuma ya jiko. Ndagala wananuka majani na wanunuzi wananipita. Mama Émérence amevaa aproni kwa sababu ana watoto wa kulisha, simlaumu. Mimi sitaivaa. Na hao wa mchangani unaowataka, uliza kampuni.

Njoo Idi, sikukatazi. Chumbani kwako nimeweka vikapu, lakini kipo kitanda cha wageni. Ukifika usipitie uani. Piga hodi mlango wa mbele, ungoje. Nitatoka mwenyewe nikupe kiti na maji ya kunawa, halafu nitakuambia mbele ya majirani wote, polepole, upate kutafsiri sawasawa: Karibu. Hapa ni kwenu.

Fatouma binti Amisi