Mchoro Niliokuomba Uurudishe

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la mbao kimekuachia. Mimi sijambo. Magoti hunisema ninapopanda ngazi za ofisi, lakini hilo si jambo la kujazia barua.

Niwie radhi kwa ukimya wa miezi mitano. Barua yako niliipokea siku ya tatu tangu uiandike. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikaikunja na kuiweka ndani ya kamusi yangu, na tangu siku hiyo kamusi yenyewe sijaifungua. Uliniomba msamaha kwa kunitia aibu mbele ya wenzangu. Uliandika kwamba mikono yako imekosea na jina langu limechafuka kwa ajili yako. Mimi niliyekufundisha kwamba barua hujibiwa ndani ya juma moja, sikukujibu. Leo nakujibu, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kumwita shemeji aisikilize.

Unajua kwamba nilichora kwa mkono miaka thelathini na minane. Ofisi ilipoleta programu ya kompyuta ya kuchorea majengo, wengi walidhani nitastaafu. Mchoraji wa meza ya jirani, mwanamke wa umri wa binti yangu wa kwanza, ndiye aliyenifundisha. Aliniambia nisikishike kipanya kama mtu anayezuia kuku asitoroke. Nilijifunza polepole, nikajifunza vizuri, na kiburi kikaja juu yake. Pale ofisini huniita Mzee Nukta, kwa sababu sikubali maelezo ya mchoro yatoke bila nukta mwishoni. Mimi hujifanya nimeudhika, lakini jina hilo nalipenda.

Kazi ya mabenchi ya bustani ya hospitali ilipofika, niliiomba mwenyewe. Yalikuwa mabenchi matatu yaliyopinda kuzunguka duara la maua, mtu aketi akiyapa maua mgongo. Kikalio kilikuwa cha papi, zile mbao nyembamba unazozijua kuliko mimi, zimepangwa kutoka nyuma kwenda mbele kama miale ya jua, thelathini na sita kwa kila benchi. Katika programu hiyo huchori papi moja moja. Unachora tao, unachora papi moja, unaandika mwanya unaoutaka, nayo inazipanga zote kabla hujakohoa. Nilichora tao la nyuma, nikaandika milimita kumi. Benchi likatokea kwenye kioo limepinda kama kitana kipya. Jirani yangu alinishauri nilizungushe nilitazame kwa mbele, karibu. Nilimjibu kwamba nilikuwa nikichora mabenchi kabla hajazaliwa.

Nilipokuletea kazi hiyo nilifurahi. Kwa mara ya kwanza kaka angechora na mdogo wake angejenga. Kisha ukanipigia simu. Ulisema papi nilizochora zina upana mmoja mwanzo hadi mwisho, na kwamba tao la mbele ni refu kuliko la nyuma, kwa hiyo nyuma zitabanana na mbele zitaachana kama meno ya mtoto wa miaka saba. Uliuliza kama uzikate ziwe pana mbele na nyembamba nyuma, mwanya uwe mmoja kote. Ukacheka, ukaniuliza kama hiyo kompyuta yangu imewahi kuketi kwenye benchi. Wenzangu walikuwa wakisikiliza. Nilikujibu kwa ukali kwamba aliyechora amechora, na kazi ya fundi ni kufuata mchoro. Ukasema, "Haya, kaka." Ulifuata mchoro.

Yaliyofuata unayajua, lakini nitayaandika, kwa sababu sijapata kuyaandika popote. Mama mshonaji, aliyekuwa akitibiwa goti, aliketi kwenye benchi la pili. Alipotaka kuinuka alishika ukingo wa mbele. Kidole chake cha shahada kiliingia kwenye mwanya, pale palipokuwa wazi milimita thelathini na tatu, goti likamsaliti, na alipokuwa akianguka kidole kiliteleza kuelekea nyuma, mahali mwanya unapobana. Kilivunjika mahali pawili. Ni cha mkono wa kulia, kile anachosukumia kitambaa chini ya sindano.

Hospitali ikaunda kamati. Siku ya kikao uliletwa mbele ya meza, ukaoneshwa mchoro uliotoka kwenye faili la ofisi yetu. Papi zake zilikuwa pana mbele na nyembamba nyuma, na mwanya ulikuwa milimita kumi kote. Ulishika karatasi ile kwa mikono miwili. Ulisema kwamba unakumbuka mchoro mwingine, kisha ukanitazama. Mimi nilikuwa nikitazama kifuniko cha kalamu yangu. Mwenyekiti akakuuliza kama una maana kwamba ofisi imekosea. Ukasema hapana, labda umesoma vibaya wewe, maana kaka yako hakosei. Karakana yako ikafutwa kwenye orodha ya mafundi wa hospitali, na mkuu wangu akanipa pole kwa kuwa na ndugu mzembe. Niliipokea pole hiyo.

Juma lililopita shemeji alinipigia simu. Alisema siku hizi unapima ubao mmoja asubuhi nzima, unaupima tena, kisha unauweka chini bila kuukata. Alisema mafundi wako wawili wamekwenda kutafuta kazi kwingine. Akaniuliza, kwa heshima yake ile ile, kama kaka amekukasirikia kiasi cha kutokujibu hata mstari mmoja. Nilimwambia nina shughuli nyingi.

Simu hiyo ilinitoa nyumbani. Nilikwenda kumwona mama mshonaji. Anakaa chumba kimoja na cherehani yake, ambayo sasa imefunikwa shuka. Kidole hakikunjiki. Alinikaribisha, akanivutia kigoda niketi. Kilikuwa kigoda cha papi, kimepinda, na mianya yake ilikuwa sawa kote kiasi kwamba ningeweza kuipima kwa jicho. Alisema aliyekitengeneza ni yule fundi wa mabenchi. Alikuja mara tatu kuomba radhi, na mara ya tatu alikuja na kigoda. Akasema, "Baba, yule fundi ana roho nzuri, ila alikosea tu kusoma mchoro." Niliketi juu ya kazi yako, mdogo wangu. Nilikunywa maji, nikaaga.

Sasa sikiliza. Hukusoma vibaya. Mchoro uliooneshwa kwenye kikao haukuwapo siku ulipokata mbao. Niliuchora asubuhi iliyofuata ajali. Nilifungua faili, nikabadilisha umbo la papi moja, na zote mia moja na nane zikageuka kwa mara moja, bila kelele. Nilichapa karatasi mpya, nikaiandika tarehe ya zamani kwa mkono wangu, nikaweka na nukta. Karatasi ya kwanza nilikuwa nimekuomba uirudishe jana yake. Nilikuambia ni ya kumbukumbu za ofisi. Ulinitumia siku hiyo hiyo, hukuuliza kwa nini.

Sikuichana. Sitajisifu kwa hilo, nilikosa ujasiri tu. Ina doa la gundi kwenye pembe. Ina mstari wako wa penseli kwenye ukingo wa mbele, na pembeni umeandika thelathini na tatu, ukaweka alama ya kuuliza. Ulikuwa umeshapiga hesabu kabla ya kunipigia simu.

Karatasi hiyo ndiyo iliyokunjwa ndani ya bahasha hii. Mimi nimebaki na nakala. Siku ya Jumatatu nitaipeleka kwa mkuu wangu, kisha kwa mwenyekiti wa kamati, nami nitawaambia niliyokuandikia hapa, kwa mpangilio huu huu. Lakini najijua. Nimekwisha kuusogelea mlango wa mkuu mara mbili, nikageuka na kusingizia kwamba nimesahau miwani. Nikigeuka mara ya tatu, basi ipeleke wewe. Usinionee haya kwa kuwa mimi ni mkubwa wako. Baada ya hapo nitamrudia mama mshonaji, na safari hiyo sitaketi kwanza.

Sikuombi msamaha katika barua hii. Uliniomba wewe usiyekosa, nami nikakunyima jibu miezi mitano. Ninachokuomba ni kimoja, ukate huo ubao. Mkono wako haujapata kukosea kipimo.

Msalimie shemeji, umwambie kwamba sikuwa na shughuli nyingi. Wasalimie watoto. Kamati ikishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo, uamuzi wowote uwao.

Ni mimi kaka yako,
niliyekosea.