Mkufu wa Senti za Tundu

Mpendwa Mama Rasoa,

Huku mimi ni mzima, isipokuwa magoti. Hali yako siiulizi. Tangu tukulaze pale nyuma ya migomba najua unapumzika, maana husikii tena nikikoroma.

Nakuandikia kwa sababu nimeshinda. Ule mkufu wako wa senti za tundu, aliokuvisha mama yako siku ulipotoka Iguhu kuja kwangu Shinyalu, nimeupata. Narudia: sikuunywa.

Unakumbuka wiki ile mkufu ulipopotea. Ulisimama mlangoni, mikono kiunoni, ukasema, "Baba Rasoa, umeuuza ukanywea busaa." Nikaapa. Ukajibu, "Hata kuku wangu wa mayai uliapa." Kweli, kuku nilimuuza. Na blanketi pia. Lakini mkufu, hapana. Siku moja tu nilisema kweli, na siku hiyo nikakosa shahidi. Ulikwenda kaburini ukiamini ni mimi.

Sasa sikia. Mzungu niliyemfanyia kazi Lugari, alipofunga virago baada ya bendera kubadilika, alinipa mashine ya kunusa vyuma, ndugu ya ile sisi askari tuliyotafutia mabomu kule Habeshi wakati wa vita. Unavaa vitu masikioni, unapitisha sahani yake juu ya ardhi, ikinusa chuma inalia kama mbu. Majirani wanasema nawinda wachawi. Siwakatazi, siku hizi wananisalimu vizuri. Kila Jumapili, wenzangu wakiimba kanisani, mimi nazunguka kwenye mahame nikiokota senti za wafalme waliokufa. Pesa mpya zetu wenyewe zimetoka, hizi za zamani hivi karibuni hazitanunua hata chumvi, lakini nazing'arisha kwa majivu na kuzipanga dirishani kama bwana mkubwa.

Jumatatu mvua ilinizuia kutoka, nikaipitisha mashine jikoni kwako, mchezo tu. Ukutani karibu na mafiga, ikalia. Nikabandua udongo kwa panga. Mkufu ulikuwa ndani, Mama Rasoa. Uliuvua ukikanda udongo na mavi ya ng'ombe, ukauzoa pamoja na tonge, ukaukandika ukutani kwa mikono yako mwenyewe. Alama za vidole vyako bado ziko pale. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu sikucheka.

Nikauosha, nikavaa koti, nikaenda Iguhu kwa kaka yako Shivachi kusafisha jina langu. Hotuba niliipanga njia nzima. Nikauweka mezani. "Shemeji, ona. Sikuunywa."

Akanitazama. "Nani alisema uliunywa? Dada alituambia mkufu ulimponyoka mtoni Isiukhu akichota maji. Mama alimgombeza mpaka akalia, lakini hakubadilisha neno."

Miaka yote hiyo nilidhani kwenu wote wananiita mwizi. Kumbe wizi wangu haukuwahi kutoka jikoni mwetu. Ulibeba matusi ya mama yako kwa kosa uliloamini ni langu, mimi niliyeuza kuku wako. Tangu siku hiyo natembea kifua mbele, na si kwa ajili ya mkufu.

"Sasa umeupata wapi?" Shivachi akauliza.

Hotuba yote nikaimeza. "Mtoni," nikasema. "Pale pale aliposema."

"Kwani hiyo mashine yako inaogeleanga?"

"Kukushinda wewe."

Kwaheri, mwongo wangu mpendwa.

Mumeo,
Baba Rasoa